Chama cha Walimu na Kamati ya Shule: Watetezi Wawili wa Shule za Umma Kigoma na Ujiji

Shule ya umma huendeshwa na serikali, lakini hutetewa na vyombo viwili ambavyo ni nadra kukaa meza moja. Cha kwanza ni chama cha walimu, yaani chama cha wafanyakazi kinachopigania mishahara, stahili na mazingira ya kazi ya wanachama wake, na cha pili ni kamati ya shule, ambayo huwakutanisha wazazi na walimu katika kusimamia maendeleo ya shule yao. Katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji, iliyokuwa na wakazi 232,388 kwa mujibu wa Sensa ya 2022, na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutengana kwa vyombo hivyo kumemgharimu mwalimu na kumgharimu mtoto pia, kwa kuwa mengi yanayoitwa madai ya walimu ni madai ya wanafunzi yaliyoandikwa kwa lugha ya mshahara.

Umoja wa wafanyakazi si jambo geni mahali hapo. Kigoma ni mwisho wa reli ya kati, iliyofika ziwani mwaka 1914, na wafanyakazi wa reli ndio waliogoma kwa siku 82 mwaka 1960 wakiongozwa na chama chao, ambacho Christopher Kasanga Tumbo alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Uhuru huo wa vyama haukudumu, kwani baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa na mahali pake pakawekwa chama kimoja cha kitaifa, NUTA, kilichofuatiwa na JUWATA na baadaye OTTU, na kwa karibu miaka thelathini walimu walikuwa sehemu tu ya chombo kilichofungamana na chama tawala. Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilisajiliwa mwaka 1993, wakati mageuzi ya siasa ya vyama vingi yalipokuwa yamefungua njia.

CWT hujiendesha kwa ada ya asilimia 2 ya mshahara wa mwalimu, inayokatwa kabla mshahara haujamfikia, na uongozi wake huanzia shuleni, ukapanda wilayani, mkoani na hatimaye taifani. Ngazi ya wilaya ndiyo yenye kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mwalimu wa umma ana wakubwa wengi: mtaala unatoka Wizara ya Elimu, usimamizi wa kila siku uko chini ya halmashauri na TAMISEMI, nidhamu na upandishaji wa vyeo vimo mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, na fedha zote hutoka Hazina. Dai dogo la nauli ya likizo linaweza kuzunguka ofisi hizo mwaka mzima bila ofisi yoyote kukiri kuwa ni lake, na kiongozi wa chama anayejua faili limekwama kwenye meza ipi huwafaa walimu kuliko mwenye hotuba kali.

Uzito wa jambo hili huonekana wazi zaidi mwambaoni. Mwalimu aliyepangiwa Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, au Buhingu na Kalya upande wa kusini, husafiri kwa boti au mtumbwi wa injini saa nyingi ili kufuatilia malimbikizo yake, yaani fedha za uhamisho, likizo, matibabu au tofauti ya mshahara baada ya kupanda daraja ambazo hazikulipwa kwa wakati. Ziwa likichafuka hulazimika kungoja, na akifika mjini Ijumaa jioni hukuta ofisi zimefungwa, hivyo hubaki hadi Jumatatu kwa gharama zake mwenyewe. Siku zote hizo darasa lake halina mtu, au limeunganishwa na la mwenzake ambaye tayari ana watoto wengi kupita kiasi. Mzazi wa Kalya huona mwalimu mtoro, ilhali kinachomtoa mwalimu darasani ni deni ambalo serikali haijamlipa.

Mgomo wa 2012 ulionesha jinsi kutoelewana huko kunavyoweza kuwa kikwazo. CWT, chini ya rais wake Gratian Mukoba, ilitangaza mgomo wa nchi nzima ulioanza tarehe 30 Julai, ikidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa walimu wa sanaa, na posho ya asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ilitamka kwamba mgomo haukufuata sheria na ikaamuru walimu warudi kazini. Walimu hawamo katika orodha ya huduma muhimu ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawazuia wafanyakazi wake kugoma, lakini sheria hiyo inataka mgogoro upitie kwanza usuluhishi, wanachama wapige kura, na taarifa ya saa 48 itolewe. Kati ya madai yote, lile la asilimia 30 ndilo lililoihusu zaidi Kigoma, maana linagusa swali la nani atakubali kubaki Kagunga au Kalya. Hata hivyo lilisikika kama nyongeza nyingine tu ya fedha, na wananchi wengi walibaki watazamaji.

Mwezi mmoja baadaye, walimu wa Chicago, Marekani, waligoma kwa siku saba za shule wakiongozwa na Karen Lewis, mwalimu wa kemia. Chama chao kilikuwa kimetumia muda mrefu kukutana na wazazi mitaani, na mapema mwaka huo kilichapisha mapendekezo kuhusu idadi ya wanafunzi darasani, maktaba, na walimu wa muziki na michezo, kiasi kwamba mgomo ulipoanza wazazi wengi waliuona ni wao. Ushindi haukuwa kamili, kwa kuwa mwaka uliofuata jiji lilifunga shule zipatazo 50 licha ya upinzani wao, lakini uhusiano kati ya chama na mitaa ulidumu.

Kigoma na Ujiji hazihitaji kuiga mgomo huo, kwani mahali pa kukutania tayari papo. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ndiye katibu wa kamati ya shule, na katika miaka ya karibuni shule za mkoa huu zimeunda pia Umoja wa Wazazi na Walimu, maarufu kama UWAWA. Kinachokosekana mara nyingi ni hesabu iliyo wazi mbele ya wote. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, iliambatana na ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, ambapo 4,000 zilibaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikaenda shuleni. Kwa kiwango hicho shule yenye watoto 1,000 hupata shilingi 500,000 kwa mwezi, na kwa fedha hizo inunue chaki, ichapishe mitihani na irekebishe madawati na vyoo. Hesabu hiyo ikibandikwa kwenye ubao wa matangazo, mzazi wa Katonga au Rusimbi huelewa kwa nini mwalimu analalamika, na mwalimu naye hana tena sababu ya kushukiwa.

Uwazi wa aina hiyo uliwahi kujaribiwa katika ngazi ya manispaa. Mwaka 2016 Kigoma/Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani kuingia katika mpango wa kimataifa wa kuendesha shughuli za serikali kwa uwazi, lakini Tanzania ilijitoa katika mpango huo mwaka 2017 na nafasi ya manispaa ikapotea. Hiyo ilikuwa hasara kubwa, na haikuombolezwa inavyostahili.

Wazazi nao wana mipaka yao, kwani kipato cha mwambao hutegemea dagaa na migebuka. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, familia za wavuvi zilipoteza chanzo chao kikuu cha fedha, na katika miezi kama hiyo kudai mchango wa chakula cha mchana ni kumfukuza mtoto shuleni kwa njia nyingine. Viongozi wa CWT wa wilaya wanapaswa kuyajua hayo kabla ya kuwaomba wazazi wasimame nao, na wazazi wanapaswa kujua orodha ya malimbikizo ya walimu wa shule yao. Mzazi aliyesajili mtoto katika shule ya umma ana haki ya kuhudhuria mkutano wa wazazi, kuomba asomewe mapato na matumizi ya ruzuku, na kuuliza ni walimu wangapi wanaidai halmashauri. Katika mkutano ujao, na aulize.