Mkono wa Mkandaji na Ramani ya Nyayo

Katika vyumba vya kukandia vya kisasa, mara nyingi mgeni hulakiwa na picha ya nyayo mbili zilizotiwa rangi mbalimbali. Huambiwa kwamba vidole ni kichwa, chini ya vidole ni mapafu, penye mvungu ni tumbo na figo, na ini liko mguu wa kulia peke yake. Kisha huoshwa miguu kwa maji vuguvugu, akapakwa mafuta, na fundi akaanza kubonyeza kwa kidole gumba, pahala baada ya pahala. Kazi hiyo ndiyo iitwayo rifleksolojia.

Wengi hudhani hii ni hekima ya kale ya China. Kukanda miguu huko ni jambo la zamani kweli, lakini ramani hii ni ya juzi, tena chanzo chake ni Marekani. Mwaka 1917 Dakta William Fitzgerald, bingwa wa masikio, pua na koo, alitoa kitabu pamoja na mwenzake Edwin Bowers, akidai kuwa mwili umegawanyika mapande 10 tangu utosini hadi vidoleni. Baadaye Bibi Eunice Ingham, aliyekuwa akitibu kwa kukanda viungo, akaihamishia kazi yote nyayoni, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake.

Je, unyayo ukibonyezwa, ini hupata nafuu? Mwaka 2015 serikali ya Australia ilitangaza matokeo ya kupitia utafiti uliokuwapo: haukuonekana ushahidi wa wazi kwamba inatibu maradhi yoyote. Tangu Aprili 2019 bima za afya za huko hazitakiwi tena kuilipia. Lakini raha yake si uongo. Misuli hulegea, na usingizi huja wenyewe. Asiyesadiki na amwulize mama aliyesimama jikoni tangu alfajiri akichoma mahamri ya kuuza.

Na sisi watu wa pwani hatukungoja picha ya ukutani. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto na mafuta muda wa arubaini, bibi harusi husingwa kwa liwa, na mwenye shingo iliyokazana huchuliwa kwa mafuta ya nazi au ya simsim yaliyopashwa moto. Ni mwanamke kwa mwanamke mwenziwe, mlango umefungwa, sitara imehifadhiwa. Mkandaji wetu mwema hasemi kuwa anatibu ini kwa kukamata kisigino. Hutafuta panapouma, basi. Kwa maoni yangu, hapo amempita yule mwenye picha.

Hata hivyo naye ana la kuambiwa. Mwenye ugonjwa wa sukari huenda nyayo zake zimekufa ganzi. Maji ya moto yatamwunguza asijue, na kidonda kidogo chaweza kumfikisha kukatwa mguu. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mkandaji, si kwa mguu wa mgonjwa. Na shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na moto na kuuma, lisichuliwe hata kidogo. Huenda damu imeganda mshipani, na kipande chake kikibanduka kikafika mapafuni, mtu hufa. Wanawake waliojifungua karibuni ndio hasa wa kuangaliwa. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama arubaini haijatimia.