Kamera pekee haitoshi, mpiga picha ajifunze pia kuitengeneza picha

ZAMANI mpiga picha wa mtaani alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Ndiye aliyeitwa mtoto alipozaliwa, alipofuzu shule na alipooa. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, ndani ya simu. Anayetaka kumbukumbu hujipiga mwenyewe na kuwatumia jamaa zake kabla hata chai haijapoa.

Je, anayetegemea kamera kulisha watoto atakula wapi? Wengi wameng'amua kwamba mteja hakubali tena kulipia kubonyeza kitufe. Analipia kile ambacho hawezi kujifanyia: picha iliyotengenezwa ikatulia, rangi zikakaa sawa, na nyaya za stima zilizoning'inia juu ya kichwa cha bibi harusi zikaondolewa bila kuacha alama.

Ndiyo sababu baadhi ya wapiga picha, hata wenye miaka mingi kazini, huamua kumtafuta mwalimu wa kibinafsi. Darasa lenyewe ni dogo: mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja na kompyuta moja.

Ufundi wa tangu jadi

Wako wanaodhani kwamba kutengeneza picha ni ujanja ulioletwa na kompyuta. Sivyo. Katika chumba cha giza, fundi alikinga mwanga kwa kiganja ili sehemu moja ya karatasi isiwe nyeusi mno, kisha akauongeza mahali pengine. Alitumia penseli iliyochongwa vyema kufunika chunusi kwenye negativu. Kule Lamu, marehemu Omar Said Bakor alikata picha na kuziunganisha kwa mkono, akaunda kazi ambazo watafiti wa ng'ambo wameandika kuzihusu.

Kompyuta ilirithi ufundi huo. Ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, walianza mwaka wa 1987 kuunda programu iliyoingia madukani Februari 1990 kwa jina la Photoshop. Toleo la mwaka wa 1994 lilileta matabaka, na lile la 2002 likaleta brashi ya kuponya madoa ya ngozi. Hadi leo, mojawapo ya vifaa vyake ina alama ya mkono uliokunjwa, kama ule wa fundi wa chumba cha giza.

Asiye na pesa za kulipia programu hiyo asikate tamaa. GIMP, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1996, haiuzwi, na misingi yote ya kazi hii yaweza kufunzwa kwayo.

Somo lenyewe

Mwalimu mzuri haanzi na uso wa mtu. Huanza na faili. Picha ya kawaida ya JPEG huhifadhi viwango 256 tu vya kila moja ya rangi tatu za msingi. Faili ghafi iitwayo RAW, ikiwa ya biti 14, huhifadhi viwango 16,384. Ndiyo maana uso uliopigwa kivulini waweza kuokolewa kwenye RAW, ilhali kwenye JPEG hubaki na mabaka.

Pili ni matabaka. Fikiria vipande vya kioo vilivyopangwa juu ya picha, kila kimoja na kazi yake: kimoja cha mwanga, kingine cha rangi, kingine cha kufuta doa. Ukikosea waondoa kioo kimoja tu, na picha ya asili ingali pale chini, haijaguswa. Mwanafunzi asiyelielewa jambo hili ataharibu kazi ya mteja siku moja, na harusi haipigwi picha mara mbili.

Tatu ni kujua cha kufuta. Kuna kanuni moja rahisi ambayo mafundi wengi huifuata: kitakachokuwa kimetoweka baada ya wiki mbili, kama vile chunusi ama mkwaruzo, kiondoe. Cha kudumu, kama vile kovu, baka la kuzaliwa ama mwanya, kiache, ila mwenyewe akiomba. Anayefuta kila mstari usoni humgeuza mama wa miaka sitini kuwa sanamu ya plastiki. Uzuri wa mkakasi huo, ndani kipande cha mti.

Hapo ndipo faida ya mwalimu wa kibinafsi inapoonekana. Video humwonyesha kila mtu jambo lile lile, lakini haiuoni mkono wako. Mwalimu aliyeketi kando huona kwamba umekuza picha kupita kiasi, umesahau kurudi nyuma uitazame nzima, na kwamba skrini yako ina mwanga mkali mno, ndipo picha zako zikitoka kwa mchapishaji huwa na giza.

Ngozi yetu

Kuna sababu nyingine ya kutafuta mwalimu anayewapiga picha watu wetu. Kwa miaka mingi, kadi ambazo maabara za picha zilitumia kupimia rangi zilikuwa na mwanamke mweupe, zikaitwa Shirley. Filamu ikipimwa kwa ngozi yake, Mwafrika alitoka akiwa kivuli chenye meno.

Mafunzo mengi ya ng'ambo bado huchukua ngozi nyeupe kuwa kipimo. Anayeyafuata bila kufikiri huishia kumpausha mteja. Ngozi nyeusi haihitaji kupaushwa. Inahitaji mng'aro wa paji la uso upunguzwe kidogo, wekundu wa asili ubakie, na kivuli kifunguliwe bila kugeuka kijivu.

Rangi ya ngozi si mchezo. Juni 1994, jarida la Time la Marekani liliutia giza uso wa O.J. Simpson kwenye jalada lake, ilhali Newsweek ilichapisha picha hiyo hiyo bila kuigeuza. Wasomaji walipoziona bega kwa bega, ghasia ilizuka.

Mpaka ni wapi?

Picha ya harusi ni mali ya wenye harusi, nao wakitaka anga la samawati ni shauri lao. Picha ya habari ni ushahidi. Katika shindano la World Press Photo la mwaka wa 2015, asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho ziliondolewa kwa kuguswa kupita inavyoruhusiwa. Picha ya viza nayo isiguswe, kwani Marekani, kwa mfano, haikubali ile iliyobadilishwa sura ya mtu.

Swali zito zaidi ni la picha za wazee wetu. Mara nyingi familia hufika kwa fundi siku mbili kabla ya mazishi, ikiwa na picha moja tu ya nyanya, imekunjika na kuliwa na unyevu. Tangu mwaka wa 2023 Photoshop yenyewe ina akili bandia inayoweza kujaza palipokosekana kwa sekunde chache. Lakini mashine haikumjua nyanya. Jicho lililoliwa na unyevu italibuni, na waombolezaji watamwaga machozi mbele ya uso ambao nusu yake si wake.

Fundi aliyefunzwa huitumia mashine kuziba mikunjo ya nguo na ukuta wa nyuma. Usoni huenda polepole, huuliza watoto wa marehemu, na palipokosekana kabisa huwaambia ukweli.

Kabla ya kulipa

Msomaji unayetaka kujifunza, au mzazi unayetaka kumlipia mwanao, mwombe mwalimu akuonyeshe picha zake kabla na baada ya kutengenezwa. Nenda na picha zako mwenyewe, nyeusi kwa nyeupe za ukoo zikiwemo. Kubalianeni saa na malipo, wala usitoe pesa zote siku ya kwanza. Somo la saa mbili kwa wiki, pamoja na kazi ya kufanyia nyumbani, hufaa kuliko siku nzima ya kukimbizwa.

Anayekuahidi kukugeuza bingwa kwa wikendi moja mwepuke. Vifungo vya programu hujulikana upesi, lakini jicho la kujua pa kuachia huchukua miezi. Haba na haba hujaza kibaba, na siku familia itakapokuja na ile picha moja iliyobaki, utajua cha kufanya nayo.