Redio Inapokwaruza, Tazama Taa Kwanza

Juma hili nazungumzia ugomvi wa vyombo vya umeme ndani ya nyumba zetu. Nilipopita Unyambwa, katika Manispaa ya Singida, nilimkuta mzee mmoja, mkulima wa alizeti, amechoshwa na redio yake. Mchana inasema vizuri. Giza likiingia inakwaruza hata utabiri wa mvua hausikiki. Singida ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, na anayekosa taarifa hizo hupanda kwa kubahatisha. Fundi alikwishalipwa mara mbili.

Giza ndilo lililonishtua. Giza likiingia, taa huwashwa. Nikamwomba mzee azime taa ya LED iliyoning'inia juu ya redio, na mkwaruzo ukakatika palepale.

Ndani ya taa nyingi za LED, chaja za simu na inveta za sola kuna saketi inayokata na kuunganisha umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kukata huko huzaa mawimbi ya redio. Mtengenezaji mwangalifu huweka kichujio cha kuyazuia. Mbana senti hukiacha, nasi tukafurahia bei. AM ndiyo huumia zaidi, maana hubeba sauti katika ukubwa wa wimbi, nazo kelele huuvuruga ukubwa huohuo.

Mkorofi hutafutwa kwa redio ndogo ya betri. Usiichomeke ukutani, kwani kelele husafiri pia ndani ya waya. Iweke AM, pasipo na stesheni, kisha zima umeme wote wa nyumba, na sola pia. Mkwaruzo ukiendelea, chanzo kiko nje, kwa jirani au kwenye nguzo. Ukikoma, washa chombo kimoja kimoja, ukiisogeza redio karibu na kila kimoja. Ukishampata, mbadilishe, au weka redio mbali naye. Mita 2 mara nyingi zinatosha.

Wenzangu wa mjini msicheke. Jiko la maikrowevu na Wi-Fi hukutana kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Kama intaneti yako huzubaa wakati wa kupasha wali tu, usianze kugombana na kampuni. Iondoe ruta jikoni, au, kama inaruhusu, ihamishie gigahezi 5.