Kusi, Kipupwe na Wavuvi Wazee wa Kilwa

Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, bahari ya Kilwa huchafuka na alfajiri huwa na baridi. Kipupwe hiki hakina theluji, lakini mzee aliyelowa ndani ya ngalawa hutetemeka: maji na upepo huondoa joto la mwili upesi, na mwili wa uzeeni huchelewa kulirudisha. Vidole vikifa ganzi, samaki hudonoa chambo na mshipi usihisiwe.

Hata hivyo, si rahisi kumwambia mvuvi mkongwe apumzike. Bahari ndiyo kitoweo chake, na ndiyo heshima yake.

Wengine huvua ndani ya miamba, mawimbi yanakopungua, au hushona nyavu wakingoja kaskazi. Vijana wenye mashua za injini wawachukue wazee hao, na makoti ya mvua yawemo chomboni kabla ya kung'oa nanga.