Seva ya Linux: umeme ukirudi, je, kazi nayo itarudi?

Umeme unapokatika katika ofisi ya wakala wa forodha mpakani, kompyuta kuu yenye ankara na kumbukumbu za mizigo huzimika. Umeme ukirudi kompyuta huwashwa, lakini programu ya hifadhidata inaweza isiwake. Nyaraka hazifunguki, malori hubaki kwenye foleni, na kila saa ya kusubiri ni gharama kwa mwenye mzigo.

Kwa kompyuta za Linux, chanzo kimojawapo ni mpangilio wa uwashaji.

Mfumo wa zamani, System V, uligawa hali za kompyuta kwa namba 0 hadi 6. Namba 0 ni kuzima, 6 kuwasha upya, na 1 ni ya fundi peke yake kwa matengenezo. Katika Red Hat, namba 3 ilikuwa kazi kamili yenye mtandao bila madirisha ya picha. 5 iliongeza madirisha. Hali ya kuanzia iliandikwa katika faili la /etc/inittab.

Mwaka 2010 ulitolewa mfumo mpya, systemd. Fedora iliuanza mwaka 2011, Red Hat Enterprise Linux 7 mwaka 2014 na Debian 8 mwaka 2015. Humo majina yamechukua nafasi ya namba: rescue.target kwa 1, multi-user.target kwa 3 na graphical.target kwa 5.

Amri ya "systemctl get-default" huonyesha hali ya kuanzia. Seva isiyohitaji madirisha hupangwa kwa "systemctl set-default multi-user.target", na hivyo kuokoa kumbukumbu ya kompyuta.

Hata hivyo, kosa la gharama zaidi liko kwingine. "Systemctl start" huwasha programu kwa wakati huo tu. "Systemctl enable" huiandikisha iwake kila kompyuta inapowashwa. Fundi akitumia ya kwanza pekee, ataondoka kila kitu kikifanya kazi, na kasoro itaonekana siku umeme utakapokatika.

"Systemctl is-enabled", ikifuatiwa na jina la programu, hueleza kama imeandikishwa. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuizima na kuiwasha seva jioni baada ya kazi, fundi akiwa bado yupo, kisha kufungua ankara moja kutoka kompyuta nyingine. Ikifunguka bila mtu kugusa seva, fundi anaweza kulipwa.