Milinganyo ya Mabadiliko: Maswali Manne ya Kumuuliza Kijana Anayesoma Uinjinia

Kuna somo moja linalowatoa jasho vijana wetu wa uinjinia na sayansi, wawe Muscat, Dubai au Manchester. Wenyewe wanaliita difrensho ikwesheni. Kwa Kiarabu ni muadalat tafadhuliya. Sisi kwa Kiswahili tuseme milinganyo ya mabadiliko. Aghlabu huja mwaka wa pili wa chuo, na kijana akianguka hapo, masomo mengi ya mbele yanamfungia mlango: umeme, joto, mitambo, mwendo wa maji. Wengine huhama fani. Wengine ufadhili wao huingia mashakani, na wazee nyumbani hawajui kulikoni.

Nimefundisha hesabu sekondari zaidi ya miaka 30. Mwenyewe nilisoma skuli ya misheni, ambako mwalimu wetu hakupokea jawabu lisilomalizika kwa sentensi kamili inayosema jawabu hilo lina maana gani. Tulimnung'unikia sana! Tangu nistaafu, jamaa hunipigia simu: "Maalim, mtazame mjukuu wako, anakesha anasoma lakini haingii." Nikikaa na kijana nakuta jambo lile lile. Njia za kutatua anazo kichwani, kazihifadhi zote. Lakini muulize, "Mlinganyo huu unasema nini?" Kimya.

Basi mimi huanza na kikombe cha kahawa. Tuseme kahawa imemiminwa ina nyuzi joto 85, na chumba chenye kiyoyozi kina nyuzi 25. Baada ya dakika 10 kahawa imeshuka mpaka 55. Je, dakika 10 nyengine zikipita? Kijana mwenye haraka atasema 25, manake imeshuka 30 basi itashuka 30 tena. Lakini mnywaji kahawa yeyote anajua kuwa iliyo moto sana hupoa mbio, na iliyo vuguvugu hupoa polepole. Isaac Newton aliliandika jambo hili mwaka 1701: kasi ya kupoa inafuata tofauti kati ya joto la kitu na joto la mahali kilipo. Mwanzo tofauti ilikuwa 60, baada ya dakika 10 ikawa 30, yaani nusu. Dakika 10 nyengine itakuwa 15, kwa hiyo kahawa itakuwa na nyuzi 40. Kisha 32.5. Na kadhalika.

Maneno hayo yote, mwanafunzi huyaandika kwa mstari mmoja: dT/dt = −k(T − 25). Soma hivi: kasi ya joto kubadilika ni k mara tofauti ya kahawa na chumba, na alama ya kutoa inasema joto linashuka. Jawabu lake ni T = 25 + 60e^(−kt), na kwa kahawa yetu k ni kama 0.069 kwa dakika. Weka t sawa na sifuri, utapata 85. Acha muda upite mrefu, utapata 25, joto la chumba. Jawabu limejieleza lenyewe.

Vijana huteleza wapi? Mara nyingi ni kwenye ile namba ya C inayotokea unapofanya integresheni. Wengi huiweka mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka chumvi chakula kishapakuliwa. Hapo inakuwa ya kujumlisha, na wakati kwenye hesabu hii, ukishaondoa logi, ilitakiwa iwe ya kuzidisha. Namba hiyo ndiyo inayobeba hali ya mwanzo. Ukiipoteza, umepoteza habari kwamba kahawa ilianza na nyuzi 85.

Mfano wa pili ni gari. Shokapu zikichoka, gari likivuka tuta hudunda mara tatu nne ndipo litulie. Zikiwa nzima, linatulia mara moja. Mlinganyo wake ni mx″ + cx′ + kx = 0: m ni tungamo la gari, c ni shokapu, k ni springi. Ili kuutatua, kijana anaugeuza kuwa mr² + cr + k = 0, mlinganyo wa daraja la pili aliousoma sekondari. Ikiwa c² ni ndogo kuliko 4mk, gari litadunda. Ikiwa ni kubwa, litarudi taratibu bila kudunda. Na ajabu ni kwamba mlinganyo huo huo unaeleza umeme unaopita kwenye koili, rezista na kapasita. Koili inashika nafasi ya tungamo, rezista nafasi ya shokapu. Aliyefahamu gari ameshafahamu nusu ya somo la umeme.

Hesabu ya daraja la pili ni ile aliyoipanga al-Khwarizmi, Baghdad, katika karne ya 9, na neno aljebra limetoka kwenye jina la kitabu chake. Nalitaja hili kwa sababu makosa mengi ninayoyaona kwenye karatasi za hawa vijana ni ya aljebra na logi za sekondari. Kabla hujamlipia mwalimu wa ziada wa somo lenyewe, mpe kijana wiki mbili arudie hizo.

Halafu kuna suala la lugha. Oman, skuli za serikali husomesha hesabu kwa Kiarabu, na kijana akiingia uinjinia Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos anakuta Kiingereza. Nyumbani anazungumza Kiswahili na bibi yake. Lugha tatu, na hajawahi kulieleza somo hili kwa hata moja. Ndiyo maana mzazi ana kazi hapa, hata kama yeye hesabu aliziacha darasa la saba. Muulize mwanao mambo manne, ajibu kwa Kiswahili:

Kitu gani kinabadilika?
Kinabadilika kwa sababu gani?
Mwanzo kilikuwa kiasi gani?
Muda mrefu ukipita, jawabu lako linasema kitakuwaje?

Usimsahihishe. Sikiliza tu. Akikwama, atajua mwenyewe alipokwama, na hapo ndipo pa kurudi kwenye kitabu. Kisha achukue jawabu lake alirudishe ndani ya mlinganyo kuona kama pande mbili zinalingana. Hesabu hizi zina neema hiyo, unaweza kujisahihisha bila mwalimu. Anayetaka kumsikia mwalimu mzuri bila malipo, mihadhara ya Profesa Arthur Mattuck wa MIT, iliyorekodiwa 2003, ipo kwenye intaneti. Asitazame tu kama anatazama tamthilia. Asimamishe, achukue kalamu, ajaribu kwanza.

Nusu saa kila siku inatosha kuanzia, na mtihani ukifika asiwe anakesha. Wewe mzazi, kahawa ikiwa mezani jioni hii, mwambie akueleze inavyopoa.