Barua ya Kuacha Kazi Haimuuguzi Mama

Swali ni lile lile, anabadilika mgonjwa tu. Mama anaumwa kijijini, niache kazi nikamuuguze? Mtoto bado mchanga na dada wa kazi ameondoka, niache kazi? Na kabla sijafungua mdomo, muulizaji ameshamalizia mwenyewe: "Si nitachukua mafao yangu, nifungue kaduka, niwe karibu na familia."

Hapana. Nimelijibu hili mezani kwangu mwaka baada ya mwaka, na bado linarudi kila wiki, tena mara nyingi kutoka kwa mtu ambaye barua ameshaipeleka. Kwa hiyo nitaanzia hapo kwenye mafao, maana ndiko watu wanakoumia.

Fao la kujitoa halipo. Zamani mwanachama wa baadhi ya mifuko ya hifadhi ya jamii aliweza kuacha kazi na kuchukua michango yake. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, yaliyotuachia mifuko ya PSSSF kwa watumishi wa umma na NSSF kwa sekta binafsi, yalilifuta, na mahali pake pakawekwa fao la kukosa ajira. Watu wamelisikia jina hilo wakadhani ni lile la zamani limebadilishwa nguo. Silo. Ili ulipate lazima uwe umechangia si chini ya miezi 18, uwe hujafikia sifa ya pensheni, na uwe hukuacha kazi kwa hiari yako. Rudia sharti hilo la mwisho kwa sauti. Aliyejiuzulu hayumo. Na hata anayestahili, tuseme aliyepunguzwa kazini, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Huo si mtaji wa duka. Ni fedha ya kula wakati unatafuta kazi nyingine.

Michango yako haipotei, ipo. Lakini inakusubiri uzeeni: miaka 55 kwa hiari, 60 kwa lazima, na ili uitwe mstaafu wa kulipwa pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe na michango ya miezi 180. Mwenye miaka 9 kazini ana miezi 108. Bado 72. Mgonjwa wako hawezi kula hesabu hiyo leo.

"Basi kiinua mgongo." Nacho tukitazame. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka alioumaliza, ukomo miaka 10, pale mwajiri anapositisha ajira. Miaka 9 ni siku 63. Ukiacha mwenyewe, sheria haimlazimishi mwajiri kukulipa hata siku moja, labda mkataba wako uwe umesema vingine. Wapo wanaowashauri wenzao kwamba mwajiri "hawezi kukuacha mikono mitupu baada ya miaka yote hiyo." Anaweza, na hatakuwa amevunja sheria. Tafadhali acheni kupeana ushauri huu kwenye daladala.

Kuna hasara ya tatu ambayo hakuna anayeiuliza. Mwezi uliopita alikuja kijana, karani wa ghala, miaka 9 kazini. Mama yake alipatwa na kiharusi huko Njombe. Barua ya kuacha kazi alikuwa ameshaipiga chapa, imebaki sahihi; alitaka nimtazamie lugha. Nikamuuliza mama anatibiwa kwa fedha gani. Akafungua pochi, akatoa kadi ya bima, akaiweka juu ya ile barua. Nikamuuliza mama amesajiliwa humo kama nani. "Mtegemezi wangu," akasema, kisha akanyamaza, macho yakiwa kwenye kadi.

Sikuwa na la kuongeza. Katika utaratibu wa mfuko wa bima ya afya, NHIF, uliozoeleka kwa waajiriwa, mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yako na nusu ya mwajiri, na unamhudumia mwanachama, mwenza na wategemezi wanne, wazazi wakiwemo. Mshahara ukikoma, mchango umekoma. Mchango ukikoma, kadi haisomi. Yule kijana angefika kitandani kwa mama yake akiwa na muda wote wa dunia, na dirisha la dawa wangemwomba fedha taslimu.

Nimeuguza mzazi. Najua usiku wa kuuguza ulivyo mrefu, na simlaumu mtu anayetaka kuwa karibu. Ninachokataa ni swali lenyewe. "Niache au nisiache" halina jibu jema. Jiulize hivi: nahitaji siku ngapi, na siku hizo ni za kazi gani? Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka wodini si sawa na kliniki ya kila mwezi, na zote mbili si sawa na kumgeuza na kumlisha mtu kila siku kwa miaka.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Sheria inatoa siku 4 zenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki, na pia akifariki mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Soma tena. Mzazi akifariki. Sheria inakupa siku za kumzika mama na haikupi hata moja yenye malipo ya kumuuguza. Ni pengo la kweli, na vyama vya wafanyakazi vilipeleke mezani wakati wa kujadili mikataba ya hali bora, kabla hatujaendelea kuliziba kwa barua za kuacha kazi.

Kwa sasa, tumia kilichopo. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Iombe kwa tarehe ambayo mgonjwa anakuhitaji zaidi, usiiache hadi Desemba kwa mazoea. Zikiisha, omba likizo bila malipo, kwa maandishi, ikiwa na tarehe ya kurudi, na uulize bima italipiwaje kipindi hicho. Mama mwenye mtoto mchanga ana siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku: zidai. Baba ana siku 3 ndani ya wiki ya kuzaliwa mtoto: asizile kwa kupokea wageni. Mtumishi wa umma aombe uhamisho. Badilishaneni zamu. Ndugu wagawane miezi, na aliye mbali alipe mtu wa kusaidia. Usitoroke: kukosekana zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa ni sababu ya kufukuzwa. Na kama kweli mgonjwa anahitaji mtu saa zote na hayupo mwingine, acha, lakini baada ya kuweka akiba ya miezi kadhaa na kumpatia bima nyingine. Toa taarifa ya siku 28 ikiwa unalipwa kwa mwezi, dai malipo ya likizo ambayo hukuitumia, na chukua cheti chako cha utumishi.

Yule kijana tuliandika naye barua nyingine, ya mistari sita: siku 28, kuanzia siku mama anapotoka wodini. Dada yake anapokea zamu zikiisha. Ile ya kwanza nilimwomba aichane kwa mkono wake mwenyewe, akaichana, kadi akairudisha kwenye pochi.